Unga Usiokwisha

Luteni Jessé alikuwa amekwisha kumpata mhalifu kabla Inspekta Noémie Kapenda hajavuka mlango, na hilo ndilo lililomuudhi tangu asubuhi. Upelelezi ukikamilika kabla mpelelezi hajafika, ama ni muujiza ama ni uongo, na Noémie alilelewa katika nyumba ya Wamethodisti walioamini miujiza kwa kiasi.

Ghala la shule ya kanisa lilikuwa limepoteza mlango na nusu ya paa. Jana adhuhuri kitu kilipasuka humo kwa kishindo kilichosikika hadi stesheni, na askari Mukuna, aliyewekwa kulinda, akatupwa uani uso umeungua. Sasa alikuwa amelazwa katika hospitali ya base, na luteni alikuwa amekataza mtu yeyote asimwone. Ilikuwa Septemba ya 1998, vita vilikuwa bado vichanga, na katika mji kama Kamina, wenye base ya jeshi ubavuni, kishindo kimoja kilitosha kufunga soko zima.

Mhalifu wa luteni alikuwa Edmond Nkashama, mwalimu wa kemia. Alikutwa na mikono myeusi na gunia la unga mweusi. Juu ya hayo alikuwa mtu wa asili ya Kasai, mmoja wa wachache waliothubutu kurudi baada ya wenzao kupakiwa kwenye treni na kufukuzwa, mwaka wa 1992 na ule uliofuata. Kwa watu wengi hilo peke yake lilikuwa ushahidi. Mchana huo lori lingempeleka mbele ya mahakama ya kijeshi, ambayo ilijulikana kwa kumaliza kesi haraka, na washtakiwa haraka zaidi.

"Mama Inspecteur, uko natafuta nini tena?" Jessé alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa ofisa wa vifaa, ndiye aliyekagua kila mzigo ulioshuka stesheni. "Hii ni baruti. Ata mutoto anaona."

Noémie alikuwa amechuchumaa. Juu ya saruji, karibu na vipande vya dumu la plastiki ya njano, kulikuwa na madoa ya unga mweusi. Alikwangua kidogo kwa kucha, akauweka juu ya kipande cha bati.

"Kama ni baruti, lieutenant, unipatie allumette."

"Ngoja! Unataka kutuua?"

"Weye njo umesema ata mutoto anaona. Minyi niko mukubwa, minyi siamini bila kuona."

Alikuwa na kiberiti chake mwenyewe. Luteni alirudi nyuma hatua kadhaa, kisha akajifanya alikuwa anatazama paa. Njiti iliungua hadi vidoleni mwa Noémie na unga ukabaki vilevile, mweusi na mpole. Baruti gani hii inayokataa moto?

Aliendelea kutazama. Mbao za paa zilivunjika lakini hazikuungua. Kofia ya Mukuna, iliyoachwa uani, ilikuwa ya kijani yenye madoa yaliyopauka mpaka yakawa rangi ya majani makavu, na moto haupaushi nguo, moto huiunguza. Halafu palikuwa na alama sakafuni: duara pana lisilo na vumbi, pana mara mbili ya kitako cha dumu.

"Hapa palikuwa nini?"

"Eau oxygénée ya dispensaire. Ilikuya na train mu bidon, hii ya jaune. Prof akaitia baruti ndani."

Noémie alijua habari za mzigo huo. Kanisa lilikuwa limeiletea zahanati ya shule maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda, lakini makali, ya kuongezwa maji mengi kabla ya kutumiwa. Zahanati ilikuwa ikivuja, kwa hiyo mzigo ukawekwa ghalani.

"Na iyi suruali yako?" aliuliza. Paja la kulia la luteni lilikuwa na madoa yaliyopauka, kana kwamba amekula ugali bila sahani.

"Boyi wangu alimwanga Javel ya kufulia nguo. Unataka kumufunga yee pia?"

Noémie alicheka kwa adabu. Aliokota kofia ya Mukuna na kipande cha dumu chenye mkono wake wa kubebea, akakifunga katika gazeti, akaenda zake. Kicheko kilimtoka usoni kabla hajafika barabarani.

*

Nkashama alikuwa ameketi chini katika chumba cha mahabusu, mikono ndani ya pingu, miwani imevunjika kioo kimoja. Alizaliwa Kamina, akasoma Kamina, akafukuzwa Kamina, akarudi Kamina. Alipomwona inspekta alisimama na kujipangusa vumbi, kama vile mkaguzi wa shule ameingia darasani.

"Mamu Inspecteur, banasema minyi njo nilitengeneza bombe. Minyi niko nafundisha batoto."

"Mikono yako ilikuwa mweusi."

"Ni pile! Kila mwaka, mbele ya masomo, batoto banaleta pile za radio zenye zimekufa. Tunazivunja, tunatoa ile kintu ya mweusi ya ndani, tunatwanga, tunachanganya na maji ya sombe, tunapakaa tableau. Ata weye ulisomea ku tableau kama ile."

Ni kweli. Noémie alikumbuka betri zilizopasuliwa, harufu ya majani ya muhogo katika darasa jipya na vidole vilivyobaki vyeusi hadi Jumapili. Hakuna shule hapa mjini iliyokuwa na rangi ya ubao ya dukani tangu alipokuwa msichana.

"Mulichanganyia mu nini?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Aliivua miwani yake, akaivaa tena.

"Mu bidon ya jaune," alisema polepole. "Lakini tuliiosha. Na maji, na muchanga, tukatikisa. Nilitazama ku mudomo yake, ilikuwa safi." Alishika kichwa. "Mungu wangu. Banaweka eau oxygénée mule?"

"Unielezee kama minyi ni mutoto wa quatrième."

Hapo mtu yule alibadilika. Alisahau pingu, akaanza kufundisha.

"Ile maji iko na oxygène inafungwa ndani. Peke yake inaweza kungoja miezi mingi. Lakini ikigusa uso ya ile poudre ya pile, inakatika: huku maji, huku hewa, na moto mingi ya kutosha kuchemusha. Sasa sikia, mamu. Poudre haiishe. Haiko kama kuni. Iko kama kiti ya coiffeur. Muntu anakuya na nywele, anaikala, ananyolewa, anaenda. Kiti inabakia pale. Mwingine anaikala."

"Na ukitwanga ile poudre?"

"Unaongeza biti! Uso inakuwa mingi, wateja benyi bananyolewa mara moja."

"Lakini bidon ilikuwa safi."

"Mudomo njo ilikuwa safi."

Noémie alifungua gazeti. Wote wawili waliutazama mkono wa dumu, na mwalimu akaugonga kwa kidole. Ulikuwa na uwazi ndani, kama mikono ya madumu yote ya aina ile. Mchanga ungeliingiaje humo? Rangi ya ubao ilikuwa imeganda ndani ya mkono, haionekani, na kama mtu angelijaza dumu nusu tu, dawa isingeligusa rangi hiyo. Lakini aliyejaza dumu hili alilijaza hadi shingoni, kisha akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, na hewa ikakosa pa kutokea.

"Kintu ya nguvu vile haisafiri mu bidon," mwalimu alisema. "Iko na fût yake, na kifuniko yake iko napumua, ina katundu kadogo. Kuna muntu aliihamisha kutoka mu fût yake."

Noémie alikumbuka lile duara sakafuni, pana kama kitako cha pipa. Alifurahi, furaha ya mwindaji, wala hakuona haja ya kuificha.

"Prof, nikitaka kuipima ile poudre mbele ya Major wa base, nifanye namna gani?"

"Uioshe kwanza na maji, uikaushe, halafu upime. Mu pile muko chumvi. Usipoiosha, chumvi itatoka na maji, poudre itapunguka, na bale batasema imeliwa."

Alikuwa na masaa machache ya kuishi, na bado alihangaikia chumvi. Noémie aliapa kimyakimya kwamba mtu huyu hatapanda lori.

*

Muuguzi wa zahanati aliitwa Marthe, mama mnene mwenye sauti ndogo. Alitoa mizani ya kupimia dawa, chupa ya maji ya oksijeni hafifu, na sahani ya kauri, bila kuuliza ni za nini. Aliulizwa swali moja tu.

"Mama Marthe, ule muzigo ulikuya mu nini?"

"Mu bidon." Alijibu akitazama viatu vyake.

"Bidon ya rangi gani?"

"Ya... ya rangi yake."

Noémie hakumsukuma. Aliyajua macho ya mtu aliyeonywa na mwenye bunduki. Alimwomba tu abebe mizani na amfuate, na njiani aliona mama yule akitembea upande wa ukuta, mbali na barabara yanakopita magari ya jeshi.

*

Major Lazare alikubali kuja darasani kwa sababu moja: alichoka kusikia neno bombe. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye hakupenda maneno wala hakupenda kudanganywa, na askari wake walimwogopa zaidi kwa hilo la pili. Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti juu. Nkashama alisimamishwa kwenye kona kati ya askari wawili. Luteni Jessé aliegemea dirisha. Nje, dereva wa lori alikuwa amekwisha kuwasha injini.

"Inspecteur, niko na vita," Major alisema. "Sema mbio."

"Sisemi, Major. Niko naonyesha."

Unga ulitoka katika gunia lilelile la mwalimu. Noémie alikuwa ameuosha na kuukausha kwenye mbabula, lile jiko la makaa la zahanati, na sasa aliuweka katika sahani, sahani akaiweka kwenye mizani. Alimwita Major mwenyewe aweke vijiwe upande wa pili hadi sindano iliposimama katikati. Kisha akaishusha sahani na kumimina maji ya oksijeni.

Maji yalilipuka povu. Yalichemka bila moto, yakavuma, mvuke ukapanda, na askari mmoja akasema "Eee!" kama yuko kwenye mpira. Noémie alipuliza kijiti kilichokuwa na kaa jekundu kwenye ncha, akakishusha juu ya povu. Kijiti kiliwaka ghafla, mwali mweupe na mzuri.

"Njo hiyo hewa ilivunja bidon," alisema. "Poudre yenyewe haiwake. Nimekwisha kuichoma mbele ya lieutenant. Alikimbia bure."

Jessé hakucheka. "Voilà! Amekubali! Poudre ya prof njo ililipusha!"

"Ngoja, lieutenant. Chai bado haijaiva."

Povu lilitulia. Unga ulizama, maji yaliyobaki juu yakawa maji matupu. Aliyamwaga taratibu, akamimina mengine ya oksijeni. Unga uleule ulichemsha tena kwa nguvu ileile. Akamwaga, akamimina tena, ukachemsha. Major alikuwa ameinuka kutoka kwenye dawati bila kujua kwamba ameinuka.

"Itaisha wakati gani?"

"Haiishe, Major. Iko kama kiti ya coiffeur, nywele njo inakatwa." Alimtupia mwalimu jicho, kwani alikuwa ameazima mfano wake, na alipaswa kuulipia walau kwa jicho. Akaweka sahani juu ya mbabula hadi ilipokauka, akaiacha ipoe, akairudisha kwenye mizani. "Weye njo ulipima. Tazama."

Sindano iliyumba, ikasita, ikasimama katikati, palepale. Ile injini ya lori nje ilisikika kama imeingia chumbani. Major aliinama hadi pua ikakaribia kugusa sindano. Kisha akapiga dirisha kwa ngumi, akamwambia dereva azime.

Noémie alisikia injini ikizimika. Lakini alikuwa nusu ya njia tu.

"Kintu yenye haiishe inabakia pahali palepale ilikuwa," alisema. "Shahidi wetu hakukimbia. Iko hapa."

Alifungua gazeti, akatoa kipande cha dumu. Alidondosha maji ya oksijeni juu ya upande wa nje. Yalitiririka kama maji ya kawaida. Akadondosha upande wa ndani, karibu na shingo. Kimya. Kisha akachukua kisu, akaupasua mkono wa dumu kwa urefu. Ndani yake kulikuwa na utando mweusi uliokauka, wenye nyuzinyuzi za majani. Tone moja tu, na mkono ukajaa povu hadi likamwagika mezani.

"Bombe inatupwa kutoka inje, ao inawekwa katikati. Hii ilikuwa inaganda mu mukono ya bidon, na maji ya sombe ndani. Muko sombe mu baruti, Major? Hii ni rangi ya tableau. Prof na batoto baliosha bidon, balikosea, habakufikia huku ndani. Ni kosa. Haiko kosa ya kuuliwa."

"Vizuri," Major alisema. "Lakini nani aliweka dawa ya hospitali mu bidon ya rangi?"

"Ilikuya vile!" Jessé alijibu, haraka mno.

"Mbele haijapasuka ilikaa pale ghalani siku mingi, kimya. Ingelikuya mu bidon hii, ingelipasuka ku train." Noémie alimgeukia. "Na sakafu iko na alama ya kintu kubwa ya duara. Fût. Kuna muntu aliipenda ile fût, akamwanga dawa mu bidon ya kwanza aliona, akaijaza mpaka ku shingo, akakaza kifuniko, akaenda na fût yake. Wakati wa kumwanga, dawa ilimurukia."

Aliitoa kofia ya Mukuna, akaiweka juu ya dawati la Major. Madoa yale ya majani makavu yalitazama juu. Major aliitazama kofia, kisha akaitazama suruali ya luteni wake, paja la kulia, kwa muda mrefu.

"Ni Javel," Jessé alisema. "Boyi wangu..."

"Weye haujapata boyi," Major alisema. "Askari banakufulia nguo ku base. Minyi njo nilikupatia bale."

Hapo ndipo Mama Marthe aliposimama. Sauti yake ndogo ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Major, fût ilikuwa ya bleu. Lieutenant aliniambia nikisema, nitapanda lori pamoja na prof. Chini yake niliweka alama ya violet, msalaba, kama naweka ku bintu yote ya dispensaire. Mukaitafute."

Hawakuitafuta mbali. Pipa la bluu lilikuwa nyuma ya nyumba ya luteni, chini ya kivuli cha mabati, limejaa mahindi yaliyochacha tayari kutengenezwa lutuku, ile pombe ambayo nusu ya base ilikuwa ikiinywa na kuisifu. Askari walilimwaga na kulipindua. Msalaba wa zambarau ulikuwepo kitakoni, mnene, umechorwa na mtu asiyependa vitu vyake vipotee. Kifuniko kilikuwa na katundu kadogo, na Major alikipuliza mwenyewe, akahisi upepo upande wa pili.

"Askari wangu amepoteza uso juu ya lutuku," alisema.

Jessé alianza kueleza. Major alimwonyesha lori.

Lilipokuwa likiondoka, sokoni wanawake walianza kupiga vigelegele, ingawa wengi hawakujua bado ni kwa ajili ya nini; walijua tu kwamba aliyepanda si yule aliyetarajiwa. Marthe alilia waziwazi na kucheka kwa pamoja. Noémie alimfungua Nkashama pingu kwa mikono yake, na kwa kuwa alikuwa na furaha isiyo na pa kwenda, alimkumbatia mbele ya askari, jambo ambalo inspekta halifanyi.

Major alirudi darasani akanyoosha mkono kuichukua sahani yenye unga. "Hii inabakia ku dossier."

"Hapana, Major," mwalimu alisema. Kila mtu aligeuka. Mtu aliyekuwa maiti asubuhi alikuwa anamkatalia ofisa. "Samahani. Tableau ya cinquième tulipakaa nusu tu, mbele banifunge. Na hii poudre haijapunguka. Weye mwenyewe ulipima."

Major alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, askari wake walimsikia akicheka.

Wanafunzi walikuwa wamekusanyika uani, na mmoja alikwisha kukimbilia majani ya sombe. Nkashama alikunja mikono ya shati, akachanganya unga katika bakuli, akaanza kuupaka ubao kwa kitambaa, kutoka pale rangi ilipokatikia. Noémie alikaa kwenye benchi la nyuma. Harufu ya muhogo ilijaa chumba. Ubao ulipokauka mwalimu alichukua chaki, akageuka kulitazama darasa lake kwa kioo kimoja cha miwani, na akaandika juu ya ushahidi kichwa cha somo la leo: *Uso wa vitu na kazi yake*.